Kumwandaa mwanafunzi wa audiolojia kwa ajili ya watoto, maana yake nini hasa?

Watu wengi ukiwatajia audiolojia, yaani taaluma ya usikivu na matatizo yake, wanamuwaza yule mtaalamu anayekuvalisha hedifoni alafu anakwambia ukisikia mlio bonyeza kitufe. Sawa, ila hiyo ni ya mtu mzima. Mtoto wa miezi minane habonyezi kitufe, maelekezo haelewi, na hata akisikia anaweza asijibu kabisa kwa sababu ana usingizi au njaa. Ndo maana kumwandaa mwanafunzi wa uzamili (au wa ile shahada ya udaktari wa audiolojia ya Marekani, kama miaka minne baada ya digrii ya kwanza) ili afanye kazi na watoto ni maandalizi ya peke yake kabisa, na mimi naona kikubwa anachotakiwa kutoka nacho ni kujua kulitilia shaka jibu alilolipata mwenyewe.

Kwanza anajifunza kuchagua kipimo kwa umri. Chini ya miezi sita hutegemei tabia ya mtoto, unatumia elektrodi (vinasa vidogo vya kubandika kichwani) kusoma shina la ubongo linavyoitikia sauti wakati mtoto amelala. Kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili na nusu hivi kuna kipimo cha kugeuza kichwa, na baada ya hapo kipimo cha mchezo, kila akisikia anadumbukiza kitu kwenye ndoo. Umri unaohesabiwa hapa ni wa ukuaji sio wa tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu aliyechelewa kukua unaweza ukampima kama wa mwaka mmoja.

Hicho cha kugeuza kichwa ndo kinamtoa jasho mwanafunzi. Mtoto anakaa kwenye mapaja ya mzazi, mlio unatoka pembeni, akigeuka kuna mdoli kwenye kiboksi unawaka taa na kucheza, hiyo ndo zawadi yake. Inaonekana rahisi lakini angalia kinachoendelea: kuna mtu anayekaa mbele kumchangamsha mtoto kwa mdoli mwingine, akitumia mdoli mzuri sana mtoto hageuki hata kama amesikia, akiutumia ule unaoboa mtoto anaanza kuzungusha kichwa kutafuta taa, na akijisahau akatupia jicho kwenye kiboksi sekunde mlio unapotoka basi mtoto ameshafuata macho yake na sio sauti. Mlio nao ukitoka kwa mpangilio uleule mtoto anaukariri. Kwa hiyo lazima uweke vipindi vya kimya katikati, na kama mtoto anageuka hata kwenye kimya basi yale majibu mengine yote huna uhakika nayo. Haya huyapati kwenye slaidi, unayapata ukikaa na msimamizi, kila mtu anaandika kivyake kama mtoto amejibu au hajajibu, alafu mnalinganisha.

Hapo ndo inaingia kanuni ya kuhakiki, ambayo wataalamu wa audiolojia James Jerger na Deborah Hayes waliiandika mwaka 1976: jibu la kipimo kimoja cha mtoto usiliamini mpaka kipimo kingine huru kikubaliane nalo. Mfano mzuri ni tatizo la neva ya usikivu. Ukipima zile sauti ndogo ambazo sikio la ndani lenyewe hutoa zinakuja vizuri kabisa, ungesema mtoto hana shida, lakini ukipima shina la ubongo mawimbi hayaeleweki au hayapo. Mwanafunzi aliyezoea kuridhika na kipimo kimoja atamrudisha huyo mtoto nyumbani.

Kuna mambo ya maumbile pia. Timpanometria, yaani kipimo cha ngoma ya sikio inavyocheza, kwa mtu mzima inatumia mlio wa hezi 226, ila kwa kichanga chini ya miezi sita inabidi utumie hezi 1000 la sivyo unaweza kukosa maji yaliyoko nyuma ya ngoma ya sikio. Na tundu la sikio la mtoto ni dogo, sauti ileile ya mashine ya kusikia inakuwa kubwa zaidi ndani yake, kwa hiyo unapima ndani ya sikio la huyo mtoto na unarudia anavyokua.

Alafu wazazi. Muda wenyewe unabana, mwongozo unaofuatwa Marekani unasema uchunguzi wa kwanza kabla ya mwezi 1, jibu kamili kabla ya miezi 3, huduma kuanza kabla ya miezi 6, kwa hiyo mara nyingi unampa majibu mama ambaye bado hajapona uzazi vizuri. Akishasikia mtoto ana tatizo la kusikia maelezo yanayofuata mengi hayamwingii, na mwanafunzi akiingiwa na woga ndo anazidi kuongea mambo ya desibeli. Afundishwe kunyamaza, kumwachia mzazi aulize, na kupanga siku nyingine ya maelezo ila iwe karibu.

Kwa hiyo chuo kikikwambia kinaandaa wanafunzi kwa ajili ya watoto, usiangalie orodha ya masomo tu, uliza wanafunzi wanapima vichanga wenyewe au wanatazama tu, na wakishapima nani anakaa nao kupitia majibu.