Majina ya vitongoji vya Ayalandi: nani aliyeyabadilisha?

Ukiitaja ramani ya Ayalandi ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuipima miaka ya 1820, hakosi mtu wa kusema: "Wanajeshi waliingia vijijini wakafuta majina ya Kiayalandi, wakaweka ya kwao." Uchungu huo naujua, ila mambo hayakwenda hivyo.

Tahajia za Kiingereza zilikuwepo tayari karne ya 17, kwenye hati za ardhi ambayo Waayalandi walinyang'anywa na Waingereza. Wapimaji, waliotumwa kwa ajili ya kodi, walikuta jina moja lina tahajia tano, sita. Wakafungua daftari za majina. Kila tahajia iliandikwa pamoja na chanzo chake: padri, wakala wa mwenye ardhi, ramani ya zamani. Kisha uamuzi, mara nyingi wa John O'Donovan, mtaalamu wa Kiayalandi aliyeajiriwa na wapimaji hao.

Huyu naye hudhaniwa mgeni. Hapana, ni mwana wa mkulima wa Kilkenny, humohumo Ayalandi, aliyekulia na Kiayalandi. Alianza kazi hiyo 1830, akazunguka vijijini, akawasikiliza wazee wakitamka jina, kisha akaandika umbo lake la Kiayalandi daftarini. Kwenye ramani umbo hilo halikuchapwa. Hapo lawama ni ya haki.

Wapo pia wanaosema majina yalitafsiriwa. Ni machache. Mengi yalifuatisha sauti tu: *baile* ikawa Bally, *cnoc* ikawa Knock. Ni kama mtu aandike Mbuyuni "Booyoony": sauti utaisikia kwa mbali, mbuyu hutauona tena. *Cill* ni kanisa, *coill* ni msitu, na zote mbili zikawa Kil. Anayezaliwa Kilmore leo, jina lenyewe halimwambii kama wahenga wake walikaa penye kanisa kubwa au msitu mkubwa. Daftari zile ndizo zinazoweza kumwonyesha njia.

Na si kweli kwamba kila jina liliandikwa. Vitongoji viliandikwa, zaidi ya 60,000. Majina ya makonde na miamba ya pwani mengi yalibaki vinywani mwa watu. Mwaka 1845 ikaanza Njaa Kuu: watu kama milioni moja walikufa, wengine milioni moja wakahama, na magharibi, kulikozungumzwa Kiayalandi zaidi, ndiko kulikoumia zaidi. Miaka kumi tu kabla ya hapo, O'Donovan alikuwa bado akiwakuta wazee wa kuwauliza.