Kusisimua neva za pembezoni: maana yake ni nini?

Ami yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu huko Pemba, na mwisho wake mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Ni miaka sasa. Lakini usiku ukitulia hukaa kitako kitandani akilalamikia kidole gumba cha mguu ule ule usiokuwepo. Kinawaka, anasema, kama kimetiwa pilipili. Nyumbani watu walikuwa wakitazamana tu. Wengine wakasema shetani, wengine wakasema mawazo. Mwenyewe akakata shauri kuwa ni "mshipa".

Hakukosea, ila neno mshipa kwetu limebebeshwa mizigo mingi mno. Panapopita damu ni mshipa, kano iliyokaza shingoni ni mshipa, ngiri nayo ni mshipa. Na uzi unaopeleka habari za mwili kwenye ubongo, huo pia ni mshipa. Ninaousemea hapa ni huu wa mwisho, mshipa wa fahamu, ambao vitabu vya skuli vinauita neva. Ubongo na uti wa mgongo ndio makao makuu. Neva zinazotoka hapo kwenda usoni, mikononi, kifuani na miguuni ndizo za pembezoni. Kubwa kupita zote ni ile inayoshuka nyuma ya paja, unene wake kama kidole.

Kusisimua neva za pembezoni, basi, ni tiba ya kuweka waya mwembamba karibu na neva inayohusika na maumivu, kisha kuupitishia umeme hafifu, pigo baada ya pigo, mpaka mgonjwa asikie mnyeo au mtetemo mwepesi pale palipokuwa panauma. Inatumika kwa maumivu sugu, yaani yaliyopindukia miezi 3. Neva haikatwi, haichomwi, wala haitiwi ganzi.

Hapo kwenye ganzi ndipo nilipopotea mimi mwanzo. Sisi jino likiuma tunatia mafuta ya karafuu. Yujinoli iliyomo ndani yake inaizuia neva isipeleke habari, na sindano ya ganzi ya daktari wa meno inafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Neva imefungwa mdomo. Umeme huu kazi yake ni kuisemesha neva, iwe na maneno mengine ya kupeleka juu.

Inawezekanaje? Chukua kamba ya makumbi uifumue. Utaona ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, na neva nayo iko hivyo. Zimo nyuzi nene zilizovikwa utando wa mafuta, zinazobeba habari za kuguswa na kupapaswa. Hizo zinakwenda mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, mita 50 kwa sekunde ni kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao barabara za Pemba haziujui. Zimo pia nyuzi nyembamba zisizo na utando, zinazobeba ule uchungu wa kuwaka na kuvuta, na hizo zinajikongoja mita 1 hivi kwa sekunde, mwendo wa bibi anayerudi sokoni na kikapu chake. Ndiyo maana ukijigonga kidole kwenye kizingiti unajua papo hapo kuwa umejigonga, lakini uchungu wenyewe unafika ukiwa umeshasema lahaula.

Mwaka 1965 Ronald Melzack, Mkanada, na Patrick Wall, Mwingereza, walitoa nadharia kuwa ndani ya uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango. Habari zote kutoka pembezoni hupita hapo kabla ya kupanda kwenye ubongo. Anayejua bandari ya Malindi, Unguja, boti inapotia nanga atanielewa haraka: lango moja, abiria tele, na bawabu. Habari za kuguswa zikifika kwa wingi, bawabu anawabana wale wa maumivu. Hawafutiki, ila wanaopenya ni wachache. Mtoto akijigonga muundi mama yake anapasugua, na mtoto ananyamaza. Mama huyo alilijua lango hilo kabla halijapewa jina. Nadharia imerekebishwa sana tangu hapo, na leo inajulikana kuwa ubongo wenyewe nao hutuma amri za kulifunga au kulifungua, lakini wazo la msingi limebaki.

Wall hakuishia kwenye karatasi. Yeye na daktari wa upasuaji William Sweet walijaribu kwanza kwenye nyuso zao wenyewe, kwa kuchoma sindano za umeme kwenye neva iliyo chini ya jicho. Halafu wakawapa wagonjwa 8 wenye maumivu makali ya muda mrefu, na matokeo wakayachapisha mwaka 1967. Wanne kati yao, ambao ugonjwa ulikuwa kwenye neva za pembezoni zenyewe, walisisimuliwa kwa dakika 2 tu wakapata nafuu ya zaidi ya nusu saa. Nafuu ilibaki umeme ukiwa umeshazimwa, na jambo hilo ndilo lililowashughulisha watu.

Umeme kwa maumivu, kwa kweli, ni mambo ya kale. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya kwanza, alimwelekeza mgonjwa wa jongo asimame ufukweni akiwa amemkanyaga yule samaki taa mwenye kupiga shoti, mpaka ganzi ipande hadi gotini. Mvuvi aliyewahi kumshika samaki huyo bila kujua atakwambia dozi yake haipimiki.

Siku hizi inapimika. Zamani ilibidi kupasua na kuizungushia neva kipande cha chuma, na makovu yakaharibu mambo, hata tiba ikakaribia kuachwa. Kilichoirudisha ni sindano na altrasaundi, mashine ile ile anayopimiwa mjamzito. Daktari anaiona neva kwenye kioo, anatia ganzi ya ngozi, anapitisha sindano na kuuacha waya ndani. Kwa aina mojawapo waya haufiki hata kuigusa neva, unaachwa umbali wa kati ya nusu sentimita na sentimita 3. Kuna waya wa muda, unaounganishwa na kifaa chenye betri kilichobandikwa juu ya ngozi, na huvutwa ukatolewa baada ya siku 60. Kuna na wa kudumu, unaobaki chini ya ngozi na kupokea nguvu kutoka kifaa cha nje. Huo wa kudumu kwa kawaida hautiwi mpaka mgonjwa ajaribiwe kwanza, ionekane unamfaa.

Sasa turudi kwa ami. Neva iliyokatwa hujaribu kuota tena, na ikikosa pa kwenda hujiviringa ikafanya fundo, na fundo hilo hupiga kelele bila ya kuguswa. Ubongo nao bado una ramani ya mguu mzima, kwa hiyo kelele zinasomwa kama zinatoka kidoleni. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1871 aliviita viungo vya namna hii vizuka. Waliosema shetani nyumbani kwetu hawakuwa peke yao.

Kwa maumivu kama haya kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wa watu 28 waliokatwa miguu. Wengine walipewa umeme wa kweli, wengine kifaa kisichotoa kitu, wasijue nani ana kipi. Katika wiki 4 za mwanzo, asilimia 58 ya waliopata umeme walipungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi. Kwa wale wa kifaa kitupu ilikuwa asilimia 14. Tofauti ni kubwa, lakini watu 28 ni mkeka mmoja wa msiba, na mimi kwa idadi hiyo sithubutu kumuahidi mtu kupona.

Tiba hii inafaa zaidi pale maumivu yanapoweza kuonyeshewa neva moja au mbili: kigutu, bega la aliyepooza, goti lililofanyiwa upasuaji likakataa kutulia, neva ya kisogoni. Mwenye kisukari ambaye nyayo zote mbili zinamwaka ana neva ndogo nyingi zilizoharibika, na waya mmoja hauwezi kuzifuata zote. Kwa huyo madaktari hufikiria zaidi dawa kama amitriptilini au gabapentini, na penye uwezo, umeme wa kwenye uti wa mgongo. Daiklofenaki za duka la dawa haziwezi sana maumivu ya neva, na zikimezwa kila siku zinaumiza tumbo na figo.

Madhara yapo. Waya unaweza kuhama ukasisimua pasipotakiwa, au ukakatika, au tundu likaingia vijidudu. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo lazima aseme mapema.

Na isichanganywe na ile mashine ndogo ya fizio, yenye vibandiko vinavyogandishwa juu ya ngozi. Asili yao ni moja, lakini umeme wa mashine hiyo unapita kwenye ngozi kwanza. Ukiupandisha ufike kwenye neva ya ndani, ngozi inachoma kabla hujafika. Uzuri wake ni bei, na kwamba mtu akishafundishwa anaweza kujifanyia nyumbani.

Nilipomaliza kumweleza ami yote haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza waya huo unauzwa shilingi ngapi. Nikamwambia kuwa gharama yake ni kubwa, na unamtaka daktari aliyesomea. Akacheka. Akalivuta taulo kavu lililokuwa kitandani, akaanza kukisugua kigutu taratibu, kama anavyofanya kila usiku kabla ya kulala.