Je, wajua kwa nini gemu ambayo haijakamilika hugombanisha watu kabla hawajaicheza?

Usiku mmoja baada ya isha, vijana watatu walikuwa wamekaa kwenye baraza moja ya Langoni, Lamu, vichwa vimekutana juu ya simu moja. Walikuwa wakitazama video ya dakika 11 ya gemu ya mtandaoni ambayo bado inatengenezwa: jiji lenye mvua, magari, watu wakikimbizana juu ya mapaa. Ilipofika dakika ya sita bando likakata, na ugomvi ukaanza. Wa kwanza alishaamua kwamba hii ndiyo gemu aliyoingoja tangu azaliwe. Wa pili akasema ni uongo mtupu, hiyo ni filamu wamepewa. Wa tatu aliuliza jambo moja tu: itakuwa GB ngapi?

Mimi nilikuwa baraza ya jirani na kikombe changu cha kahawa, nikijifanya sisikii. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuigusa gemu yenyewe. Ukiwatoa wanaoitengeneza, hakuna aliyeigusa popote duniani. Sasa watu wanapataje joto lote hilo kwa kitu ambacho hakijakuwepo?

Jibu linaanzia kwenye namna kitu kisichokamilika kinavyoonyeshwa. Nenda Matondoni, kijiji cha kisiwa hichohicho kinachosifika kwa mafundi wa vyombo. Ukikuta jahazi liko nusu, huwezi kudanganyika. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za samaki aliyeliwa, upande mmoja una mbao na wa pili uko wazi hadi unaona maji ng'ambo. Kalafati, pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, haijapigwa, na shahamu, mafuta ya kupaka chombo, haijapakwa. Hakuna mpita njia anayesimama akalalamika kwamba chombo kitaingia maji, kwa sababu kazi iliyobaki anaiona kwa macho yake.

Gemu changa nayo ina mkuku na mataruma yake, ila huyaoni. Ndani ya ofisi za watengenezaji, gemu ya mwaka wa kwanza ni kitu cha kuchekesha: masanduku ya kijivu mahali pa nyumba, mtu anayeteleza barabarani bila kunyanyua miguu, mlio wa bunduki ulioazimwa kwingine. Hicho hawakuonyeshi. Wanachofanya ni kuchukua kipande kimoja, mtaa mmoja au pambano moja, wakakimaliza chote: taa, moshi, sauti, matone ya mvua kwenye kioo cha gari. Ni kama fundi achukue ubao mmoja wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, aupige rangi, autie nakshi, aupige picha na kuutangaza, na mkuku bado ni gogo lililolala porini.

Tena mara nyingine ubao huo ndio unaomwambia fundi mwenyewe anajenga chombo gani. Mwezi Juni 2017, katika maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, studio ya BioWare ya Kanada ilionyesha gemu ya mtandaoni iitwayo Anthem: watu waliovaa mavazi ya chuma wakiruka kutoka kwenye jabali hadi msituni, kamera ikiwafuata bila kukatika. Watu walipiga kelele za furaha. Gemu ilitoka Februari 2019, ikapokewa vibaya, na wiki chache baadaye ikaripotiwa kutoka kwa waliofanya kazi humo kwamba sehemu kubwa ya kilichoonyeshwa ilikuwa imeundwa kwa ajili ya maonyesho yale, na kwamba baadhi ya watengenezaji walielewa wanatengeneza nini baada ya kuitazama video hiyohiyo.

Kinyume chake kilitokea Septemba 2022. Mdukuzi aliingia kwenye mtandao wa ndani wa Rockstar, kampuni inayotengeneza gemu za Grand Theft Auto, akatoa hadharani takriban video 90 za Grand Theft Auto VI ikiwa bado jikoni. Kwa mara moja umma ukaona mataruma: kuta zisizo na rangi, maandishi ya wahandisi yakielea juu ya vichwa vya wahusika. Wengi wakacheka, wakasema mbona mbaya hivi baada ya miaka yote hiyo. Mmoja alidai kwa kujiamini kwamba picha ndizo humalizwa kwanza katika gemu. Hapo watengenezaji wa kampuni nyingine wakashindwa kunyamaza. Waliofanya kazi kwenye Control na Uncharted 4 walitoa video zao za mwanzoni, masanduku na vivuli vitupu, kuonyesha gemu hizo zilizosifiwa zilivyokuwa zamani. Naona kisa hiki kinaeleza mengi kuliko vyote: tumezoeshwa kuonyeshwa ubao wenye nakshi, na siku tunapouona mkuku tunadhani ni ajali.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kichwani mwa mtazamaji. Kionjo cha dakika 11 kinakupa mtaa mmoja, na akili yako inajenga jiji zima usiku huohuo. Yule kijana wa kwanza pale barazani alikuwa tayari na nyumba yake humo ndani, gari lake, na rafiki zake wa Malindi wamejiunga naye. Hakuna kati ya hayo kilichokuwa kwenye video. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu humuuma mtu kuliko kupata kitu cha thamani ileile kunavyomfurahisha. Basi siku gemu inapotoka bila nyumba ile, kijana haoni kwamba amekosa ziada. Anahisi ameibiwa chake.

Na hapa gemu ya mtandaoni ina tatizo lake. Raha yake ni watu wengine, na watu wengine hawaingii kwenye kionjo. Wale unaowaona wakicheza pamoja kwa ustadi, wakiitana kwa sauti tulivu kama wasomaji wa taarifa ya habari, ni wafanyakazi waliofanya mazoezi. Hakuna anayetukana, hakuna aliyeachiwa simu na kaka yake dakika mbili, hakuna anayetoweka katikati ya pambano kwa sababu umeme umekatika.

Kisa cha gemu ya No Man's Sky kinaonyesha jinsi pengo hilo linavyoweza kuchoma. Ilionyeshwa kwanza Desemba 2013 na Hello Games, kundi dogo la Guildford, Uingereza, na iliahidi sayari zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000. Kiongozi wao, Sean Murray, alipoulizwa kama wachezaji wataweza kukutana, alijibu kuwa inawezekana, ila ulimwengu ule ni mpana mno kiasi kwamba itatokea kwa nadra sana. Gemu ilitoka Agosti 2016, na mara moja wachezaji wawili wakapanga kufika sayari moja, mahali pamoja. Wakafika. Kila mmoja akasimama pale pale na hakumwona mwenzake. Hasira iliyofuata ilifika hadi kwa mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza, ambayo mwezi Novemba ilisema tangazo la gemu kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, halikupotosha watu. Kisheria waliokoka. Ila ukiniuliza mimi, neno "inawezekana" lilibebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Ajabu ni kwamba hawakukimbia. Walikaa kimya, wakaendelea kupiga kalafati, na Julai 2018 wakatoa sasisho lililowawezesha wachezaji kuonana na kucheza pamoja sawasawa, bila malipo ya ziada. Leo wengi wa waliowatukana wanawasifu.

Yule kijana wa pili, wa "uongo mtupu", naye usimdharau. Mwaka 2021 kampuni iitwayo Fntastic ilitangaza The Day Before, gemu ya mtandaoni ya kuokoka katika Marekani iliyojaa mizuka, na vionjo vyake vilikuwa vitamu hadi ikawa miongoni mwa gemu zilizongojewa zaidi kwenye Steam. Waliotilia shaka walisema mapema: picha hizi ni safi mno, kamera inatembea kama ya filamu, nani anaishika hii gemu mkononi? Ilitoka tarehe 7 Desemba 2023, nayo haikuwa dunia pana iliyoonyeshwa. Siku nne baadaye kampuni ikatangaza inafunga. Waliolipa wakarudishiwa fedha zao, na seva, zile kompyuta zinazowaunganisha wachezaji, zikazimwa Januari 22, 2024. Siku nne! Kuna samaki sokoni anayekaa kwenye barafu muda mrefu kuliko huo.

Tangu hapo, wenye shaka wamekuwa na haki ya kusema kwa sauti, na mara nyingine sauti yao inasaidia. Julai 2020, gemu ya Halo Infinite ilipoonyeshwa, watu walisimamisha video kwenye uso wa adui mmoja, bapa kama sahani, asiye na hisia yoyote. Wakampa jina Craig, wakamfanyia utani dunia nzima. Mwezi uliofuata gemu ikaahirishwa kutoka mwisho wa mwaka huo hadi 2021, na ilipotoka Desemba 2021 ilikuwa imebadilika sana kwa macho. Sitasema Craig peke yake ndiye aliyeichelewesha. Ugonjwa wa korona ulikuwa umewatawanya wafanyakazi majumbani. Lakini studio ilikiri kwamba malalamiko kuhusu picha yalikuwa na msingi.

Nimemwacha yule wa tatu kwa makusudi, maana huku kwetu pwani swali lake ndilo zito. Nenda chumba chochote cha gemu Malindi, vile ambavyo vijana hulipia kwa mechi, uwawekee kionjo kipya. Watafurahi, ndiyo, lakini baada ya dakika moja utasikia: itaingia kwenye simu hii? Inakula bando kiasi gani? Na zaidi ya yote: itakwama?

Video haiwezi kulijibu hilo la mwisho, na sababu yake ni ya kifizikia. Kionjo kwa kawaida hurekodiwa na watu waliokaa chumba kimoja na seva, au karibu nayo. Wewe uko Malindi, na seva ya gemu kubwa mara nyingi iko Ulaya, Uarabuni au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya waya za chini ya bahari husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Inaonekana haraka kupindukia, lakini piga hesabu. Seva ikiwa umbali wa kilomita 8,000 za waya, amri ya kidole chako na majibu yake vinasafiri kilomita 16,000, yaani sekunde 0.08, kabla ya kuhesabu foleni za mitambo njiani. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde imeshachora picha karibu tano kabla hujapata jibu. Umeshapigwa risasi, hujaona aliyekupiga. Walau si kama zamani: kabla waya hizo kufika Mombasa mwaka 2009 nchi ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu, na safari ya kwenda na kurudi peke yake ilikaribia nusu sekunde. Mashindano ya kulenga shabaha kwa hali hiyo yalikuwa dhihaka.

Kwa hiyo mchezaji wa Malindi anayenuna mbele ya kionjo kizuri si mtu wa roho mbaya. Anasoma sehemu ambayo haikuonyeshwa. Kwake yeye seva ndiyo mkuku, na hakuna kampuni inayotangaza gemu kwa picha ya seva.

Kuna alama chache anazoweza kuzitazama mtu kama yeye, na vijana wengi wanazijua bila kufundishwa. Maandishi madogo ya pembeni yakisema picha hizi si za gemu halisi, yaamini. Hayo ndiyo maneno ya kweli kuliko yote kwenye video. Kamera ikitembea mahali ambapo mkono wa mchezaji usingeipeleka, hapo unatazama sinema. Kukosea nako ni dalili nzuri: mtu akigonga ukuta, akarudi nyuma, akapotea njia, kuna uwezekano kweli kuna anayecheza. Ikitolewa nafasi ya majaribio kwa umma, hata ya siku mbili na yenye hitilafu tele, kaa nayo usiku mmoja tu utajua zaidi ya vionjo kumi.

Pale Langoni, bando lilijazwa tena. Kijana wa tatu ndiye aliyetoa shilingi 20, jambo ambalo hakusahau kulitaja. Wakaimalizia ile video. Alikuwa anapita mzee mmoja, fundi wa vyombo aliyestaafu, na yule wa kwanza akamwita, "Ami, ndoo utazame!" Mzee akainama, akaitazama mvua ya jiji lile ikimwagika juu ya magari, akasema kazi nzuri. Kisha akauliza, "Na chombo kinashuliwa majini lini?"

Wakarudisha video hadi mwisho kabisa. Palikuwa na nembo ya kampuni, muziki mzito, na maneno mawili meupe kwenye giza: inakuja karibuni.

Mzee akacheka hadi akashika ukuta. "Mimi nimewaambia wateja neno hilo miaka arobaini," akasema, akaenda zake nyumbani.