Je, wajua kwa nini anayekutana na Lukwata ziwani hurudi bila ushahidi?

Lukwata ni mnyama wa simulizi za Ziwa Victoria: mrefu, mweusi, mwenye nguvu za kumnyakua mtu mtumbwini. Simulizi zake zina mizizi Buganda, lakini zimezunguka ziwa zima. Mwanzoni mwa karne ya 20, ofisa wa Kiingereza, Sir Clement Hill, alieleza kwamba karibu na mlima Homa, upande wa Kenya, mnyama aliibuka majini akajaribu kumkamata mtu aliyekaa mbele ya boti. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliyaandika hayo mwaka 1913. Tangu hapo hakuna jino, gamba wala mfupa uliofika maabara.

Haraka ya kusema "hayupo" tuiweke kando kidogo. Tuseme mtumbwi wa dagaa uliotoka Kayenze, upande wa Mwanza, umekutana naye usiku huu. Nini kitatokea?

Kwanza, watu wataganda. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, na macho yanang'ang'ania kitu kimoja tu: mdomo au jicho la mnyama. Ndiyo maana aliyeporwa kwa bunduki huikumbuka bunduki vizuri kuliko sura ya mwizi. Ukimuuliza mvuvi huyo kama mkia ulikuwa bapa au wa mviringo, atakujibu, lakini jibu hilo huenda amelipata baadaye akiwa nchi kavu.

Kisha wataruka wote upande mmoja, ama kukimbia ama kuchungulia. Hapo ndipo penye kifo. Mtumbwi uliobeba nyavu, taa na watu wanne hauhitaji Lukwata ili upinduke. Nahodha anayejua kazi hupiga kelele moja tu, "kaeni chini palepale mlipo!", hazimi injini, na anageuza omo, yaani pua ya mtumbwi, taratibu. Kama ni kiboko, anamwachia njia ya kuelekea kwenye kina kirefu, kwa kuwa kiboko aliyezibiwa njia hiyo ndiye anayeshambulia.

Wakishapona wataanza kubishana kuhusu urefu, na hapa makosa ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Juu ya maji hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia. Jicho linapima upana wa kitu linavyokiona, halafu ubongo unakisia umbali, na kosa la umbali huingia lote kwenye urefu. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba: upana wake unafunika takribani mita 3.5 za kitu kilicho umbali wa mita 100. Kitu hichohicho ukidhani kiko mita 300, utasema kina mita 10 na zaidi, na utakuwa hujadanganya hata kidogo. Basi ripoti yenye maana haisemi "mita 15". Inasema "alijaa vidole gumba viwili, akiwa kati yetu na boya la nyavu". Boya linaweza kufuatwa kesho yake na umbali ukapimwa.

Usiku kuna kipimo kingine. Elekeza tochi: macho ya mamba yanarudisha mwanga mwekundu.

Mchana, mshukiwa mkuu ni fisi maji. Mmoja ana urefu wa mita moja hivi pamoja na mkia, lakini wakiogelea watano kwa mstari, wakizama na kuibuka kwa zamu, wanatoa nyoka mmoja mweusi mwenye nundu. Chatu naye huogelea vizuri sana. Kamongo, samaki mwenye mapafu, hufika mita 2 na lazima apande juu kuvuta hewa, tena kwa kishindo. Kipande cha gugu maji kinachosukumwa na upepo, kikiwa na gogo ndani yake, hutembea kama kiumbe mwenye nia. Kuwaondoa kwanza hawa wote kwenye orodha ya washukiwa si dharau kwa mvuvi. Hata mtafiti wa wanyama angeanza nao.

Kinachoharibu zaidi ni mazungumzo. Watu wanne wakirudi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wakiwa wamesimuliana njia nzima, mnabaki na ushahidi wa mtu mmoja wenye sauti nne. Aliyesema kwa uhakika zaidi ameshawapa wenzake kumbukumbu yake bila wao kujua, na kama ametamka neno "Lukwata", kila mmoja tayari ana picha. Dawa ni rahisi: kabla ya stori, kila mtu achukue karatasi yake, achore peke yake, aandike saa, upepo na upande aliokuwa amekaa. Mchoro mbaya wa mapema una faida kuliko maelezo mazuri ya jioni.

Nchi kavu mambo hubadilika tena. Mwaka 2003 kule Nyakach, Kenya, alionekana chatu mkubwa ambaye wenyeji wengi walimpokea kama Omieri, nyoka wa baraka anayeleta mvua na mavuno. Wengine waliwaza mbuzi na watoto wao, wakataka aondolewe. Kijiji kimoja, nyoka mmoja, nusu wanamlinda na nusu wanamwogopa. Yeyote anayetarajia watu wote wakimbie hajakaa vijijini.

Na akinaswa mfu kwenye nyavu? Adui sasa ni joto. Mpige picha ubavuni akiwa na kasia lililopimwa pembeni, kisha mdomo wazi, mapezi au miguu, na tumbo. Akiwa samaki, kata kipande cha msuli kisichozidi punje ya harage, kitie kwenye spiriti ya asilimia 95, spiriti iwe mara kumi ya nyama, na ubadilishe baada ya siku moja kwa kuwa nyama hutoa maji. Gongo haifai, imejaa maji. Spiriti ikikosekana, funika kipande kwa chumvi kavu nyingi. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka. Mwili mzima uende kwenye barafu, bila kupasuliwa, hadi TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, huko Mwanza. Akiwa mamba, chatu au mnyamapori mwingine, usikate kitu: kukutwa na kipande chake bila kibali ni kesi ya nyara za serikali. Waite watu wa wanyamapori waje mwaloni.

Haya yana mifano. Kipunji, nyani wa milima ya Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja huku wageni wakidhani ni mzimu wa hadithi. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2005 kwa kutegemea picha, akawekwa kwenye kundi lisilo lake. Mwili wa kipunji mdogo aliyekufa kwenye mtego wa mkulima ndio uliowezesha kupima vinasaba, na mwaka 2006 akahamishiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Silakanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, naye ana kisa chake: wa kwanza, aliyevuliwa Afrika Kusini Desemba 1938, alioza kabla mtaalamu hajafika, matumbo yake yakatupwa. Wanasayansi walisubiri miaka 14, hadi mwaka 1952 huko Komoro, ndipo wakapata mwingine wa kuona ndani yake mna nini.