Kata Kisa Pale Mwenye Karakana Anapokuna Kichwa

Kisa changu cha kwanza cha kufundishia kilikuwa na kurasa kumi na nne na hakikuwa na swali hata moja. Nilikuwa nimekwenda na kurudi Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, miezi mitatu, nimekaribishwa chai, nimeoneshwa mashine, nimeandika yote niliyoambiwa. Wanafunzi wakakisoma, wakaisifu kampuni, na kufikia dakika ya ishirini darasa likawa kimya. Hakuna aliyekuwa na la kubishania. Kipindi kilikuwa cha dakika tisini.

Walimu wengi wanaohudhuria warsha zetu huja na rasimu kama ile. Inaanza na mwaka kampuni ilipoanzishwa, inafuata dira, zinafuata tuzo, halafu mwenye kampuni anamshukuru Mungu. Hiyo ni makala ya gazeti, na huenda ni nzuri. Kisa cha kufundishia husimulia mambo ya kweli ya biashara hadi siku ambayo mtu fulani alilazimika kuamua, kisha kinakatwa papo hapo. Uamuzi anaachiwa mwanafunzi.

Mtindo huu ulitoka kwa wanasheria. Christopher Langdell alianza kufundisha sheria Harvard kwa kutumia hukumu za mahakama mwaka 1870. Shule ya biashara ya chuo hichohicho ilifunguliwa 1908, na Wallace Donham, aliyeiongoza kuanzia 1919 na ambaye alikuwa amesomea sheria, ndiye aliyeusukuma mtindo huo kwa nguvu. Lakini wanasheria walikuwa na majalada tayari. Wafanyabiashara hawakuwa nayo. Ilibidi watu watumwe kwenye viwanda na maduka wakaviandike visa wenyewe. Hapa Nairobi, Strathmore Business School ni miongoni mwa wanaofundisha kwa visa, lakini katika madarasa mengi niliyoyaona bado mwanafunzi wa mtaa wa Umoja anaumiza kichwa juu ya kiwanda cha Ohio, Marekani. Si vibaya. Ila Kamukunji, kwenye karakana za mafundi wa mabati, iko umbali wa nauli moja tu ya matatu.

Basi twende Kamukunji. Tuseme kuna mama anayetengeneza majiko ya makaa. Jiko moja linamgharimu shilingi 600, na mteja anayepita hapo analinunua kwa 1,000. Kwa mwezi anauza 300. Siku moja duka kubwa linamwagiza majiko 2,000 kwa 850 kila moja, malipo siku 90 baada ya kupokea mzigo. Akiba yake kwenye sacco ni 350,000. Gharama ya kazi yote ni 1,200,000, kwa hiyo anapungukiwa 850,000, na anayeweza kumkopesha anataka asilimia 3 kila mwezi. Anatakiwa kujibu kabla ya Ijumaa.

Ukilipeleka hilo darasani, wa kwanza kunyoosha mkono atapiga hesabu haraka: mwezi mmoja wa kutengeneza na mitatu ya kusubiri, riba ni 102,000, faida ya oda ni 500,000, zinabaki 398,000. Achukue! Atainuka mwingine, mara nyingi aliyelelewa dukani, aulize: mafundi wakiwa kwenye majiko 2,000, yale 300 ya wateja wa kila siku yatatengenezwa na nani? Hapo kuna faida ya 120,000 inayoning'inia. Na akiba yote ikishaingia kwenye oda, miezi ile mitatu ya kusubiri atanunua mabati kwa nini? Wa tatu atauliza swali ambalo wauzaji wengi wa mji huu wanalijua vizuri: na duka likilipa miezi saba baada ya mkopo kuchukuliwa badala ya minne? Riba inaongezeka 76,500, na mafundi hulipwa kila Jumamosi. Sasa kuna ubishi. Mwalimu anaweza kukaa.

Angalia kwamba mwandishi wa kisa hakuandika 398,000 popote. Aliweka bei, akiba na masharti ya mkopo, nyingine ndani ya maelezo na nyingine kwenye viambatisho, pamoja na takwimu mbili tatu zisizo na maana yoyote kwa uamuzi ule, kwa sababu hata mezani pa mwenye biashara karatasi hazijipangi zenyewe. Kazi ya kuchambua si yake. Ndiyo maana nikipitia rasimu, kalamu yangu huanzia kwenye vivumishi. "Hodari" inatoka, "mwenye maono" inatoka. Neno moja la sifa linatosha kumwonesha mwanafunzi upande uliouchagua wewe.

Andika kwa wakati uliopita, hata kama karakana ipo na umepita hapo asubuhi. Ukiandika "bei ya bati ni", mwakani itakuwa uongo. "Ilikuwa", ukiambatanisha na mwezi na mwaka, itabaki kweli daima. Na usichomeke jambo lililotokea baada ya siku ya uamuzi. Mama yule hakulijua. Mwanafunzi naye asilijue.

Ugumu ni biashara ambayo mwisho wake kila mtu anaujua. M-Pesa ni mfano wa karibu. Ukisimulia hadi ilipozinduliwa Machi 2007, darasa la Nairobi litapiga makofi na kwenda nyumbani. Rudi nyuma kwenye majaribio yaliyoanza 2005 pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, yaliyokusudiwa hasa kulipia mikopo hiyo. Watu wakaanza kutumiana fedha kwa mambo yao. Kata hapo: mradi uendelee na mikopo uliyojengewa, au ufuate wateja wanakoelekea? Hata anayejua jibu hulazimika kueleza kwa nini wakati ule halikuwa wazi.

Kuhusu mahojiano, nitasema kidogo. Mgeni mwenye daftari kwenye karakana za jua kali hudhaniwa ametoka KRA, mamlaka ya kodi, au ni kanjo, askari wa jiji, kwa hiyo ziara ya kwanza usiandike kitu. Ukiuliza "biashara inaendaje?" utajibiwa "tunashukuru Mungu". Muulize mwenye biashara ni mteja yupi wa mwisho ambaye yeye alimkatalia, na sababu ilikuwa nini. Kisha zungumza na fundi, na anayeleta mabati, na yule anayegawa mishahara Jumamosi. Huyo wa mwisho ndiye mara nyingi anayejua fedha ziko wapi. Wakitofautiana, usiwapatanishe. Andika maneno ya kila mmoja.

Mwongozo wa mwalimu huandikwa kando na hauingii mikononi mwa wanafunzi. Humo ndimo yanamokaa maswali ya kuongoza mjadala, hesabu zilizokamilika na yaliyotokea baadaye. Mimi siku hizi huanza na huo mwongozo, angalau maswali yake matatu. Nikishindwa kuyapata, najua sina kisa, nina ziara tu.

Halafu idhini. Niliwahi kufanya kazi miezi minane juu ya biashara moja ya familia, kisa kikapangiwa siku ya kufundishwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo kaka mkubwa akapiga simu: hapana. Nilikuwa na neno la mdogo wake, sikuwa na barua. Siku hizi barua ya awali hutiwa sahihi kabla ya mahojiano, na ya pili mwenye biashara akishasoma rasimu yote. Akihofia takwimu, zidisha kiasi chote cha fedha kwa namba moja, tuseme 1.3, ili uwiano usiharibike, na ubadilishe jina na mtaa. Kaka mkubwa nilimpelekea pendekezo hilo wiki iliyofuata. Alisoma kurasa zote, akarekebisha bei ya unga mahali pawili, akatia sahihi.