Je, wajua kwa nini kazi ya miezi miwili hukufuata hadi kazi mpya?

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na fomu aliyopewa na mwajiri wake mpya, kampuni ya malori pale Malaba, mpakani na Kenya, pamoja na slipu mbili za mshahara zilizokunjwa mpaka wino ukafifia kwenye mikunjo. Slipu hizo zilikuwa za kazi ya hotelini Jinja. Aliifanya Julai na Agosti 2024, kisha hoteli ikapunguza watu, naye akarudi nyumbani. Alikaa miezi minne. Januari 2025 ndipo Malaba wakamwita.

"Mjomba, hapa wanauliza kama nimewahi kuajiriwa ndani ya mwaka huu wa fedha. Si niandike hapana tu? Kazi yenyewe ilikuwa miezi miwili."

Nikamwambia aandike ndiyo, na slipu zile azitunze kama cheti cha shule. Alinitazama kama mtu anayeongezewa kazi bure. Nikachukua kalamu, nikageuza bahasha, nikamwonyesha kwamba mwaka ukiisha slipu hizo zitakuwa na thamani ya shilingi 392,000.

Jambo lenyewe ni hili. Uganda, kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, hukatwa kwa mwezi lakini hudaiwa kwa mwaka. Mwaka huo si wa kalenda. Unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, sambamba na bajeti ya serikali. Karani wa mishahara anaangalia mwezi mmoja tu ulio mbele yake. Anatoa kodi, anaipeleka URA, yaani mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, halafu anaanza upya kana kwamba jana haikuwepo. Hajui ulikuwa wapi Septemba, wala hilo si kazi yake. Sheria ya kodi ya mapato, kwa upande wake, hujumlisha kila ulichopata toka Julai hadi Juni, popote ulipokipata, ndipo inasema unadaiwa kiasi gani. Kwa aliyekaa na mwajiri mmoja miezi yote 12 kwa mshahara uleule, hesabu hizi mbili hutoa jibu moja. Kwa aliyehama kazi katikati, au aliyekaa bila kazi, hazilingani.

Tuangalie ngazi zenyewe, kama zilivyokuwa katika mwaka huo wa 2024/25. Ziliwekwa mwaka 2012. Kwa mkazi wa Uganda, mshahara usiozidi 235,000 kwa mwezi haukatwi PAYE. Kinachozidi hapo hadi 335,000 hukatwa asilimia 10. Toka 335,000 hadi 410,000 ni asilimia 20. Juu ya 410,000 ni asilimia 30, na wanaopokea zaidi ya milioni 10 huongezewa asilimia 10 nyingine kwenye ziada hiyo, ila hao wana wahasibu wao. (Kabla ya 2012 msamaha uliishia 130,000, kwa hiyo tulipopata 235,000 tulishangilia. Bei ya rolex ya kando ya barabara, ile chapati ya kuviringishia mayai, imepanda mara ngapi tangu hapo, mwenyewe unajua.)

Hotelini mpwa wangu alipewa 700,000 kwa mwezi. Shilingi 410,000 za kwanza zinazaa kodi ya 25,000. Zile 290,000 zinazobaki, kwa asilimia 30, zinazaa 87,000. Jumla 112,000 kila mwezi, yaani 224,000 kwa miezi miwili. Malaba wakampa 900,000. Kwa njia ileile kodi yake ni 172,000 kwa mwezi, na kutoka Januari hadi Juni inafika 1,032,000. Ukijumlisha kazi zote mbili, amekatwa 1,256,000.

Sasa fanya hesabu kwa mwaka. Mapato yake yote ni 1,400,000 ya Jinja na 5,400,000 ya Malaba, jumla 6,800,000. Ngazi za mwaka ni zilezile za mwezi mara 12, kwa hiyo kiwango cha asilimia 30 kinaanzia 4,920,000, na kodi ya hapo chini ni 300,000. Zinazozidi ni 1,880,000. Asilimia 30 yake ni 564,000. Kodi halali ya mwaka ni 864,000. Toa kwenye 1,256,000 aliyokatwa. Zinabaki 392,000, na ni zake.

Hakuna aliyemwibia, na makarani wote wawili walikata sawasawa. Angalia ngazi zile za chini zinavyomsaidia mtu. Kama shilingi 410,000 zote zingekatwa asilimia 30, ungelipa 123,000. Kwa kuwa zimepangwa kwa ngazi, unalipa 25,000 tu. Nafuu hiyo ni 98,000, na sheria inakupa nafuu 12 kwa mwaka. Mpwa wangu alitumia nane. Nne zilizobaki ni za Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, miezi aliyokuwa akimsaidia mama yake kuvuna mtama, na hakuna karani aliyekuwapo wa kumhesabia. Nne mara 98,000 ni 392,000. Kwa lugha nyingine, kila mwezi aliokaa bila mshahara ulimwekea 98,000 kule Nakawa, yalipo makao makuu ya URA, bila yeye kujua.

Kisu hicho kina makali pande zote mbili, na upande wa pili haupendezi. Tuseme hakukaa nyumbani hata siku moja, bali alishika kazi zote mbili kwa mwezi mmoja: mchana malori, usiku hotelini. Kila karani akimpa nafuu yake kamili, atakatwa 112,000 huku na 172,000 kule, jumla 284,000. Lakini mapato ya mwezi huo ni 1,600,000, na kodi yake ni 382,000. Pengo ni 98,000 tena, safari hii yeye ndiye mdaiwa. Mwezi mmoja hauna nafuu mbili. Ndiyo maana fomu ya kazi mpya inauliza kuhusu kazi nyingine, na ndiyo maana kuandika "hapana" kwa kudhani unajirahisishia ni kujitegea mtego mwenyewe.

Wengi watauliza: mbona jirani yangu mwalimu hajawahi kujaza ritani yoyote, yaani tamko la mapato ya mwaka, na hasumbuliwi? Sheria inamruhusu. Mkazi ambaye mapato yake yote ni mshahara kutoka kwa mwajiri mmoja, na kodi imekatwa kama inavyotakiwa, amemaliza, hana haja ya kupeleka ritani. Maneno ya kushika hapo ni "mwajiri mmoja". Ukiwa na waajiri wawili ndani ya mwaka, hata kama wa kwanza alikuwa wa wiki sita, umetoka kwenye kundi hilo. Unatakiwa kupeleka ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia 31 Desemba. Ukichelewa, faini ni asilimia 2 ya kodi ya ritani hiyo au shilingi 200,000, iliyo kubwa kati ya hizo, kwa kila mwezi. Kwa hiyo mtu anayedai 392,000 zake anaweza, kwa kulala tu, kuanza kudaiwa yeye. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wana utaratibu wao: Kenya mwaka wa kodi ni wa kalenda, mwajiri humpa mfanyakazi karatasi ya P9 inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, na ritani hupelekwa kufikia 30 Juni. Pale Malaba kila mwaka namsikia mtu akichanganya tarehe hizo mbili.

Kuhesabu ni rahisi. Karatasi ndizo zilizotutoa jasho.

Namba ya mlipakodi, TIN, ina tarakimu 10 na ni moja kwa maisha yote. Hubadilishi ukibadilisha kazi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2025 yameruhusu hata namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, itumike kama namba ya mlipakodi, ila aliyekuwa na TIN ya zamani bado rekodi zake ziko chini ya hiyo. Mpwa wangu alikuwa nayo. Alitengenezewa na kijana wa kafe ya intaneti karibu na stendi, akamlipa, ingawa URA wenyewe hawatozi chochote kwa kusajili. Mwaka ulipofungwa, Julai, tukakaa kuingia kwenye tovuti ya URA. Neno la siri? Hana. Tukabonyeza tupewe jipya, tovuti ikasema limetumwa kwenye barua pepe inayoanza na herufi ambazo si za jina lake. Ilikuwa barua pepe ya kafe. Kafe yenyewe ilishafungwa, siku hizi mle ndani wanauza vioo vya simu. Ilibidi aende ofisi ya URA na kitambulisho chake wabadilishe barua pepe na namba ya simu. Kama TIN yako ulitengenezewa namna hiyo, na nadhani nusu ya mji tulitengenezewa hivyo, angalia leo ni simu ya nani iliyoandikwa pale.

Karatasi ya pili ni ya mwajiri wa kwanza. Omba barua au cheti kinachoonyesha mshahara wako wa kila mwezi na PAYE iliyokatwa, chenye TIN yao na yako. Iombe siku unayoondoka, wakati bado mnasalimiana. Nakala moja mpe mwajiri mpya, nyingine weka. Slipu zikae pamoja nayo, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba pesa zilikatwa kwako, hata kama kule ofisini faili limepotea.

Kuna wale ambao kazi yao ya kwanza haikuwa ajira kwa karatasi, hasa wa miradi na mashirika. Unafanya kazi miezi mitatu, unaambiwa wewe ni mshauri, na malipo yanakatwa asilimia 6. Hiyo si PAYE. Ni kodi ya zuio, inayokatwa na anayekulipa kabla hujapokea, na ulichopata kinaingia kwenye ritani kama mapato ya biashara, na ile asilimia 6 inahesabiwa kama malipo uliyotanguliza. Dai cheti chake. Bila cheti utabaki ukisimulia.

Usisahau LST, kodi ya huduma inayokwenda kwa wilaya au jiji na si URA. Ilikuja mwaka 2008, baada ya ile kodi ya zamani ya kichwa, graduated tax, iliyowafanya wanaume wazima walale porini wakiikwepa, kusimamishwa mwaka 2005. Hulipwa mara moja kwa mwaka wa fedha, hukatwa kwa mafungu manne toka Julai hadi Oktoba, na haizidi 100,000 kwa mwaka. Kama ulishakatwa Jinja, mwonyeshe karani wa Malaba slipu, la sivyo ataanza upya kwa nia njema kabisa. LST hutolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kukokotolewa, kwa hiyo tarakimu halisi za mpwa wangu zilikuwa chini kidogo ya hizi nilizoandika. Nimeiacha kando ili hesabu isomeke.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haina maneno mengi: asilimia 5 yako, 10 ya mwajiri, namba ileile kila uendako. Tangu 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia, kwa hiyo hata duka la kaka yako.

Tukaipeleka ritani mwezi wa nane. Malaba ilionekana vizuri, miezi yote sita. Jinja haikuonekana kabisa. Nikazishika zile slipu zilizofifia, nikazielekeza kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma TIN tarakimu moja moja huku yeye akilinganisha na simu yake. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kwa hiyo 224,000 zake zilikuwa zimekwenda URA, lakini kwa namba isiyo yake.

Akapiga simu hotelini palepale. Mhasibu wa kule, mama mmoja mpole, akamwambia, "Tuma picha ya TIN yako mwanangu, nitarekebisha kwenye ritani zetu za miezi hiyo." Julai amesharekebisha, tumeiona. Agosti bado tunaingojea.