Kwa nini sahani ileile ya ugali hupandisha sukari zaidi ukiwa na miaka 55 kuliko ulipokuwa na 25?

Wengi husingizia umri: ukishavuka 30 mwili huchoma chakula polepole. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, uliohusisha watu zaidi ya 6,000 wa nchi 29, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika mapema ni misuli.

Sukari inayotokana na ugali ikiingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango wa seli, na ghala kubwa la kuipokea sukari hiyo ni misuli. Kuanzia miaka ya 30 hivi misuli hupungua kidogo kidogo, na baada ya 60 kasi huongezeka. Wakati huohuo mafuta hujikusanya tumboni na kwenye ini (kwa wanawake hasa baada ya hedhi kukoma), na insulini haisikilizwi kama zamani. Mizani inaweza kusoma kilo zilezile miaka 20 mfululizo, usijue lolote.

Kwa hiyo pima kiuno. Futi ya fundi cherehani ikae katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upime ukishatoa pumzi bila kubana tumbo. Sentimita 94 na kuendelea kwa mwanamume, au 80 na kuendelea kwa mwanamke, ni dalili ya kwenda kupima sukari. Usile kwa saa 8 kabla ya kipimo: 7.0 mmol/L na kuendelea, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Kosa la kawaida ni kujinyima chakula tu. Kilo hushuka, lakini misuli nayo huondoka, na kitambi kikirudi, misuli hairudi kirahisi. Afadhali ujenge misuli. Kaa kwenye kiti imara, mikono kifuani, simama, kisha keti taratibu ukihesabu hadi tatu. Fanya mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Mara 12 zikiwa rahisi, kumbatia dumu la maji la lita 5. Bila kuongeza mzigo unaoubeba, misuli haina sababu ya kukua.

Misuli inahitaji protini pia: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 70 hadi 84 kwa mtu wa kilo 70 (mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza). Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Chai na maandazi asubuhi hayakufikishi popote.

Ugali usiufukuze. Anza na mboga na dagaa, ugali ufuate, kisha tembea dakika 10 hadi 15 badala ya kujilaza. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi awe na sukari au glukosi mfukoni: akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, aile papo hapo.